Posa ya Ghuba

Nchi yenyewe siitaji, maana ina tabia ya kuitika ikitajwa, na ikiitika huja na gari. Niseme tu kwamba ni nchi njema. Ina amani, ina wimbo wa taifa mrefu kuliko nyimbo za majirani wote, na ina Ghuba ya Marashi.

Ghuba hiyo kila mtu anaijua. Imechorwa kwenye noti, kwenye kalenda za chama, kwenye maboksi ya sabuni ya kuogea, na kwenye kuta za hospitali kuu, ili mgonjwa akikosa dawa apate mandhari. Maji ya buluu, mchanga mweupe, na visiwa viwili vidogo vimekaa majini kama watoto wanaoogeshwa. Kuijua, basi, si tabu. Tabu ni kuiona.

Aliyeanza habari hii ni mdogo wangu Mize. Mize hushona kofia za mkono, zile za vitobo, tangu tuko wasichana. Vichwa vingi vya mji huu vimesujudu ndani ya kazi yake. Sasa macho yamemchoka. Daktari alimwambia ana presha ya macho, na kwamba mwanga wake unajifunga kutoka pembeni kuja katikati, kama mtu anayefunga madirisha ya nyumba jioni, moja moja. Mize akamuuliza la mwisho litafungwa lini. Daktari akaangalia kalamu yake.

"Mama," akasema, "kama kuna kitu unataka kukiona, kione."

Tulirudi nyumbani. Nikakaa kumenya ndizi. Mize akakaa mlangoni, penye nuru.

"Dada Kheri, nataka kuiona Ghuba."

"Ile ya kwenye sabuni?"

"Ile yenyewe. Ya kwenye sabuni nimeitazama umri wangu wote, na kila mara naoga inaisha. Nataka ile isiyoisha."

Nikasema inshallah. Mimi ni mjane, mume wangu Faki alishatangulia, Mungu amrehemu, na sina mtu wa kuniuliza naenda wapi. Tukapanga pale pale. Tutakwenda wakati wa kipupwe, jua likiwa la kiungwana. Tutapanga chumba, tutakaa ufukweni na vikoi vyetu mabegani, atatazama mpaka atosheke, turudi. Mipango ya watu wazima wawili wasio na kesi na mtu. Hivyo ndivyo tulivyodhani.

*

Kosa letu ni kuwa hatukuwa tumefungua redio.

Kumbe Mtukufu Baba wa Utulivu alikuwa amekwenda kuzindua kibao cha kuonyesha njia ya Ghuba. Njia yenyewe ilikuwa bado, lakini kibao kilikuwa tayari. Akahutubia, na katikati ya hotuba akasema, "Ghuba hii ni binti yetu! Tumemlea, tumemtunza, hatutamtoa ovyo!" Watu wakapiga makofi, naye akaenda zake kula. Nadhani kwake maneno yale yaliishia hapo, pamoja na mchuzi.

Lakini kwetu neno la mkubwa haliachwi njiani likaokotwa na wapitao. Wizara ya Mapumziko ikakaa kikao, wakubwa wakatafakari hata wengine wakaota. Mwisho wakapata hukumu. Kama Ghuba ni binti, basi anayemtaka afuate njia ya binti. Mtu haendi kwa binti wa watu amebeba begi na taulo. Mtu hutuma posa.

Mtangazaji akasoma kwa sauti ya tanzia: "Kuanzia sasa, mwananchi mwenye nia ya kupumzika Ghuba ya Marashi atamtuma mshenga wizarani. Mshenga awe mwanamume, mtu mzima, mwenye kauli, na asije mikono mitupu."

"Na wageni wa ng'ambo?" Mize akaiuliza redio.

Redio nayo, kama iliyosikia, ikajibu: "Wageni kutoka nje hawahusiki na utaratibu huu, kwa kuwa mgeni haposi. Mgeni hukaribishwa."

Mize akacheka mpaka akatoboa kidole na sindano. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwona asubuhi ile akimimina chai kandoni mwa kikombe.

*

Nikaenda wizarani mwenyewe, nikidhani sura ya mtu mzima husaidia. Nikakabidhiwa kwa Bwana Kidundo, Naibu Katibu Mwandamizi wa Posa. Amevaa kanzu juu ya suti, ili mila na maendeleo visigombane. Kijana mstaarabu, sikatai. Alinipa shikamoo yangu kwa ukamilifu.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya likizo ya Ghuba."

Akafumba macho kama niliyemtajia uchi. "Mama, hatusemi hivyo. Tunasema umekuja kwa jambo la kheri."

"Haya, nimekuja kwa jambo la kheri."

"Mposaji ni nani?"

"Mimi na mdogo wangu. Macho yake yanaondoka, tunataka aione kabla."

"Pole sana. Lakini mwanamke haposi, mama. Mumeo yuko wapi?"

"Mume wangu ni marehemu."

"Marehemu wa wilaya gani?"

"Amezikwa nyuma ya msikiti wa Ijumaa."

"Ahaa, hapo karibu. Basi aje mwenyewe, au amtume mtu."

Nikamtazama nione kama anatania. Hatanii. "Mwanangu, marehemu atamtumaje mtu?"

Bwana Kidundo akainua mikono yote miwili. "Hapo mama utuwie radhi. Wizara haiingilii mambo ya ndani ya familia."

*

Ndipo nikaenda kumwona shemeji yangu Makame, mdogo wa marehemu. Makame hana kazi maalumu, ila ana koo zuri na kanzu iliyopigwa pasi. Nilipomweleza, machozi yalimlengalenga.

"Shemeji," akasema, "mimi nimezaliwa mshenga. Watu tu hawakuwa wameniposea kazi."

Nikakaanga visheti, nikapika halua, nikamfungia kwenye sinia na kawa juu. Akaenda kifua mbele. Akarudi na sinia tupu na jibu nusu.

"Wamepokea vizuri. Wamesema halua imeiva."

"Na Ghuba?"

"Shemeji nawe! Posa haijibiwi siku ile ile. Wataonekana wanamtupa binti."

Hilo ni kweli, ndiyo desturi yetu, nisingeweza kulipinga. Hata mimi Faki alingojeshwa, na baba yangu siku zile alikuwa ananiombea niondoke. Basi tukangoja. Makame akaenda tena, na tena, kila safari na sinia, kila safari anarudi mnene kidogo. Mara wazee wa Ghuba hawajakaa. Mara wamekaa lakini mjomba wa binti yuko safarini. Nikauliza mjomba wa bahari ni nani. Akasema ni Wizara ya Uvuvi.

Halafu wakaja kuchunguza tabia zetu, kama inavyofanywa kwa mwoaji. Maofisa wawili wenye miwani ya jua wakasimama uani kwa jirani yetu Bi Nunu, wakamuuliza kama sisi ni watu wa kupumzika. Bi Nunu, katika kututetea, akapandisha sauti mpaka kwetu ikafika.

"Hao? Hao wanawake hawajapumzika tangu niwajue! Huyu sindano, yule chungu, alfajiri mpaka usiku!"

Makame akarudi kichwa chini. "Shemeji, kuna tatizo. Imeonekana hamna uzoefu wa kupumzika. Wanaogopa mtamharibu."

"Tutamharibu nani?"

"Binti."

Tukapelekwa semina. Ilikuwa ndani ya ukumbi wa bati, mwezi wa joto, maana kipupwe tulichokipangia kilikuwa kimeshapita kikituangalia. Mtaalamu alisimama asubuhi kutueleza umuhimu wa kupumzika, akaketi magharibi inakaribia. Viti havikuwa na migongo. Mzee mmoja aliyesinzia alitolewa nje kwa kukosa nidhamu. Mize alikaa ameegemea bega langu, macho wazi.

"Dada," akaninong'oneza, "wamezima taa?"

Ukumbi ulikuwa unawaka jua.

"Wamepunguza," nikasema, na papo hapo nikaomba maghufira, maana ulikuwa uongo. Sikupenda ladha yake.

Usiku ule niliswali, nikakaa kwenye mswala muda mrefu. Sikumwomba Mungu abadilishe Wizara, nisije nikamtwisha Mola kazi ya kikao. Nilimwomba dirisha moja tu libaki wazi mpaka tufike.

*

Makame akaja mbio, kofia mkononi. "Imejibiwa! Wamekubali! Imebaki mahari."

"Kiasi gani?"

"Si fedha, shemeji. Serikali yetu haina tamaa. Wanataka sifa."

"Sifa gani?"

"Usifu Wizara hadharani, kwenye kipaza sauti, toka moyoni."

Nikakaa chini. "Makame, sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu. Zote. Mimi nitakopa wapi za kumpa Kidundo?"

"Mpe japo kidogo! Sema ana meno mazuri."

"Sijayahesabu."

"Basi sema Waziri ana huruma."

"Sijaiona."

"Shemeji Kheri, wewe na uchaji wako mtamkosesha Mize bahari!"

Hapo alinigusa. Nikaingia chumbani. Mize alikuwa anatia uzi sindanoni kwa ulimi, jicho liko kwingine. Kofia aliyokuwa anaishona ilikuwa na maua yanayopanda upande mmoja kama yanayokimbia mafuriko. Nikavaa buibui.

Ukumbi wa Wizara ulikuwa umejaa. Nikapewa kipaza sauti, nikasema bismillahi kimoyomoyo, nikatafuta la kweli. Mungu hamkoseshi mja wake.

"Bwana Kidundo," nikasema, "ni mtu mvumilivu. Tabu zetu zote amezivumilia, hakulalamika hata siku moja."

Ukumbi ukalipuka makofi.

"Na Wizara nzima," nikaendelea, "haina haraka ya dunia. Ukiingia pale, unakumbuka akhera."

Wakasimama. Bwana Kidundo akatoa leso, akafuta macho, akanishika mkono. "Mama," akasema kwa kwikwi, "hujui mara ngapi tunatukanwa."

Tukapewa Ghuba.

*

Tukasafiri, mimi na Mize. Makame tulimwacha, maana mshenga haendi fungate. Njiani Mize alikuwa ameniwekea mkono mapajani. "Nieleze," akasema, nami nikamweleza kila kilichopita dirishani, minazi, mbuzi, vibao. Sasa alikuwa anaona pale katikati tu, kama anayechungulia kwenye tundu la funguo. Lakini tundu bado lilikuwepo, na aliligeuza kila upande kwa pupa, kama njiwa.

Tulifika saa za alasiri. Kabla ya kushuka tulishasikia mawimbi, na upepo wa chumvi ukatupiga usoni. Nikamkalisha Mize juu ya begi, kando ya njia. Nikatangulia kuangalia pa kupita.

Hapakuwa na pa kupita. Kutoka kilima cha huku hadi kilima cha kule umesimamishwa ukuta wa mbao, mrefu kuliko mtu aliyempanda mtu. Na juu ya mbao zile, kwa rangi mpya inayonuka mafuta, imechorwa Ghuba ya Marashi. Maji ya buluu, mchanga mweupe, visiwa viwili.

Mbele yake Bwana Kidundo anatabasamu, kanzu juu ya suti, na mpiga picha wa televisheni ya taifa ubavuni. Sisi tulikuwa raia wa kwanza waliokubaliwa posa. Tukio la kihistoria, wakasema.

"Mwanangu," nikamwambia, "hii nini?"

"Mwari yuko ndani, mama. Mwari haonekani. Lakini Serikali yetu sikivu imeichora sura yake nje, ili mposaji asihuzunike."

Nimecheza arusi nyingi katika umri wangu, nimepamba mabibi arusi, nimewapaka hina. "Kidundo, mwari hufichwa wanaume. Wanawake ndio huingia kumtazama! Tangu lini wanawake wakazuiwa kuingia? Hata kwenye arusi ya mama yako tuliingia!"

Akatikisa kichwa kwa heshima. "Hoja nzito sana. Nitaifikisha kikaoni."

"Kikao lini?"

"Baada ya arusi."

"Arusi ya nani na nani?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Hilo halijatangazwa."

Nyuma ya ukuta watu walicheka, mmoja akapiga mbizi, maji yakaruka. Muziki ukapigwa.

"Na hao?"

"Hao," akasema Bwana Kidundo, akinishangaa, "ni wageni."

Nilikuwa natafuta neno la kumjibu lisilo dhambi, nikageuka, nikaona begi halina mtu. Mize alikuwa ameshasimama mbele ya ukuta, hatua chache tu, mtandio umemwangukia mabegani, shingo mbele. Mpiga picha alishamwelekezea kamera. Bwana Kidundo akamkimbilia na kipaza sauti.

"Mama, waambie wananchi. Unaona nini?"

"Naona buluu," akasema Mize. Sauti yake ilikuwa ya msichana. "Subhanallah. Naona buluu. Naona mchanga. Vile ni visiwa, vile."

"Mmesikia!" Bwana Kidundo akaiambia kamera.

Mize akainamisha kichwa kidogo, akakiinua, akakigeuza, anatafuta kwa lile tundu lake. Uso ukaanza kubadilika.

"Mbona maji hayaendi?"

"Bahari yetu imetulia, mama," akasema Bwana Kidundo, "kama nchi ilivyotulia."

Mkono wa Mize ukanitafuta hewani, nikaudaka.

"Dada Kheri," akaninong'oneza, "mawimbi nayasikia. Nayasikia kabisa, na siyaoni yakisogea. Basi macho yamekwisha. Yamefunga."

Bwana Kidundo akanitazama juu ya kichwa cha Mize, akatikisa kichwa polepole, vile watu wanavyokuonya usimwambie mgonjwa habari ya msiba. Na kweli, kazi ingekuwa rahisi. Ningesema ndiyo, leo hakuna upepo. Angerudi nyumbani na buluu yake, televisheni ingepata habari yake, na mimi ningerudi na ladha ile ya ukumbi wa bati mdomoni mpaka kaburini.

"Mize," nikasema, "huu ni ubao."

"Ubao?"

"Ubao wa mbao, mdogo wangu. Wameuchora. Bahari iko nyuma yake."

Akasogea. Akanyoosha kidole, akagusa kisiwa. Akakikwaruza kwa ukucha, akanusa. Halafu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ile ya redio, akapiga makofi, hata mpiga picha naye akacheka asijue kwa nini.

"Hee! Afadhali!" akasema. "Afadhali, dada! Nilidhani ni macho yangu!"

Akageuka kwenye sauti ya Bwana Kidundo. "Mwanangu, sogeza."

"Mama, ubao huu umewekwa na Waziri. Husogezwa na Waziri."

"Yuko wapi?"

"Ndani," akasema Bwana Kidundo, kisha akajutia.

Mimi ni mtu wa kufuata. Nimefuata posa, nimefuata semina, nimetoa mahari. Nikasema bismillahi, safari hii kwa sauti, nikashika ukingo wa ubao pale ulipoungana na mwenziwe, nikavuta. Rangi bado mbichi, ikanijaa viganja. Ubao ukatikisika, maana haukupigiliwa, ulifungwa kamba. Misumari, nadhani, ilikuwa bado iko kikaoni. Bwana Kidundo akapiga kelele za taratibu na sheria. Nikavuta tena. Mpiga picha akaweka kamera yake chini mchangani, akavua koti, akashika upande wa pili.

Ukafunguka upenyo wa mtu mmoja. Nikamwingiza Mize pale, nikamshika kiuno upepo usimwangushe.

Ghuba haikuwa kama ya kwenye sabuni. Maji yalikuwa ya kijani zaidi kuliko buluu, yamechafuka ukingoni kwa mwani, na yalikuwa yanakuja, yanavunjika, yanarudi, yanakuja. Visiwa vilikuwa vitatu. Cha tatu, nadhani, hakikutosha kwenye boksi. Mize alikiona kabla yangu, akanionyesha kwa kidevu. Kichwa chake kilikuwa kinakwenda taratibu, kulia, kushoto, kulia, anaichukua kipande kipande kama anayeshona.

Nyuma yetu Bwana Kidundo alikuwa kwenye simu, anasema ndiyo mheshimiwa, hapana mheshimiwa, wanawake wawili mheshimiwa, wazee. Akaja, akasimama kando yetu, anahema. Hakuthubutu kumgusa.

"Mama," akamwambia Mize, sauti imekwisha nguvu, "tafadhali. Muda wenu umekwisha."

"Najua, mwanangu," akasema Mize, hakugeuka. "Ndiyo maana nimekuja."